Habari za Ng'ombe Wetu Zisifungiwe Kabatini

Ndugu mkulima, nataka kukuuliza neno moja kabla hujaenda kukamua. Ng'ombe wako akifa usiku wa leo, asubuhi utamwambia nani? Najua wako watakaojibu upesi kwamba watampigia simu ofisa wa mifugo. Lakini wengi wetu tutachimba shimo kimya kimya kabla jirani hajaamka, au, jambo lililo baya zaidi, tutamwita mchinjaji wa vichochoroni kabla mnyama hajapoa. Simlaumu mtu bure. Mimi mwenyewe nimewahi kuchimba shimo hilo.

Nilikuwa na ng'ombe wanne wa gredi katika shamba langu la ekari nane, na mmoja wao alikuwa mtamba mwenye mimba. Siku ya kwanza nilimwona ana uvimbe chini ya sikio, mdogo kama limau. Siku ya tatu alikuwa ameacha majani na anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Nikasema ni baridi tu, mvua ikipungua atapona. Hakupona. Alikufa povu likimtoka puani, na kila mkulima mzee anayesoma hapa amekwisha kujua jina la ugonjwa huo: ni ndigana kali. Sikumwambia mtu. Niliona haya, maana jirani wangesema, "Huyu haogeshi ng'ombe wake." Na kweli nilikuwa nimeruka wiki mbili bila kuogesha, kwa kuwa dawa ilikwisha na fedha za maziwa zilikuwa zimekwenda kwa karo ya shule.

Baada ya miezi miwili ndama wawili wa jirani yangu wakafa vilevile. Yeye naye akachimba shimo.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Kupe wachanga walionyonya damu ya mtamba wangu walishiba, wakaanguka majanini, wakajigeuza wakawa wakubwa kidogo, wakangoja. Ng'ombe aliyepita hapo ndiye aliyepewa ugonjwa, na ua wetu wa miti haukuwazuia ndama kupenya. Kama ningesema siku ile ya limau chini ya sikio, mtamba wangu angeweza kupigwa sindano ya dawa ya ndigana, nayo husaidia sana ikiwahi na husaidia kidogo sana ikichelewa. Na jirani yangu angekuwa macho. Yote hayo yalikuwa yamekwisha kuandikwa, mengine kabla sijazaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Afrika Kusini walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ndigana huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Yaliandikwa katika majarida ya wataalamu wa magonjwa ya wanyama. Basi leo nataka kuzungumza nawe juu ya majarida hayo, maana mimi naona kwamba yanakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Jarida la wataalamu si gazeti kama hili. Halina picha ya fahali aliyeshinda maonyesho. Ni kitabu kinachotoka kila mwezi, au kila miezi mitatu, ambamo daktari wa wanyama aliyechunguza jambo huandika aliona nini, alilionaje, kwa ng'ombe wangapi na mahali gani. Kabla habari hiyo haijapigwa chapa, wataalamu wengine huisoma na kumhoji kwa ukali, kama wazee wa baraza wanavyomhoji mtu anayedai kwamba mpaka wa shamba umesogezwa. "Ulijuaje? Shahidi wako nani? Mbona hukuwahesabu wale waliopona?" Akishindwa kujibu anarudishiwa karatasi zake. Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1888 Mskoti mmoja, John McFadyean, alianzisha jarida la namna hiyo kwa magonjwa ya wanyama, na humo ndimo R. E. Montgomery alimotangaza mwaka 1921 homa ya nguruwe iliyokuwa ikiua nguruwe wa Kenya. Kwa miaka mingi watu wa nchi za mbali waliiona habari hiyo kuwa ni ya Afrika tu. Homa hiyo ilipoingia Georgia mwaka 2007 na Uchina mwaka 2018, wakarudi kuisoma kwa bidii. Hapa kwetu pia, Muguga, jarida la magonjwa ya mifugo ya Afrika lilianza kupigwa chapa tangu mwaka 1953.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya watu wa makoti meupe. Mimi yananihusu nini?" Nitakuambia. Hakuna jarida hata moja la namna hiyo lisiloanzia zizini. Daktari hawezi kuota ugonjwa. Lazima mnyama augue kwanza katika shamba la mtu, na mtu huyo aseme.

Chukua habari ya Naivasha. Mwaka 1930, katika shamba moja la kondoo karibu na ziwa, wana-kondoo wa siku chache walianza kufa kwa wingi, na kondoo wakubwa wakatupa mimba. Wachungaji nao wakashikwa na homa na maumivu ya viungo. Wakati huo ulikuwa wa walowezi, na shamba halikuwa la mtu kama wewe au mimi, lakini kwa jambo hili haidhuru: mwenye shamba hakuchimba shimo akanyamaza. Habari ilipelekwa Kabete. Daktari Daubney na Daktari Hudson wakachunguza maini ya wana-kondoo, wakayakuta yameharibika vibaya. Na daktari wa binadamu, Garnham, akashirikiana nao. Baadhi ya waliochunguza waliugua wenyewe. Waliona kwamba kondoo waliohamishiwa nyanda za juu ugonjwa uliwaacha, nao wakamshuku mbu. Mwaka 1931 wakayaandika yote katika jarida moja la Uingereza, na ugonjwa wakauita homa ya Bonde la Ufa. Hilo ndilo jina linalotumika dunia nzima mpaka leo, hata Saudi Arabia na Yemeni ulikofika mwaka 2000. Juu ya makala ile kuna majina matatu. Jina la mchungaji aliyemwona mwana-kondoo wa kwanza akianguka halimo.

Wengine wakaendelea pale walipoishia hao watatu. Mwaka 1985 iliandikwa, kwa uchunguzi uliofanywa hapa Kenya, kwamba mbu wa aina fulani huanguliwa wakiwa na vijidudu tayari. Yaani mbu wa kike huvitia katika mayai yake, na mayai hukaa katika udongo mkavu wa mabonde miaka mingi, yakingoja mvua kubwa ifurishe maji. Ndiyo maana homa hii hupotea mpaka watu wakaisahau, kisha ikarudi mara moja baada ya mafuriko. Mwaka 1999 jarida kubwa la Marekani, Science, likaonyesha kwamba mtu anaweza kuutabiri ujio wake kwa kuangalia joto la bahari na kijani cha majani kwa vyombo vinavyozunguka juu angani.

Haya ni mambo makubwa, nami nayastahi. Lakini sikiliza yaliyofuata. Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zilifurika Kaskazini Mashariki, na homa ikalipuka. Kufika Machi 2007 watu 684 walikuwa wamehesabiwa kuwa wameugua katika Kenya, na kati yao 155 walikufa. Mifugo haikuhesabika. Baadaye wataalamu wakaenda kuuliza wafugaji waliona nini na lini. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, sandik, maana yake pua itokayo damu. Walikuwa wameona wingi wa mvua, wameona mbu wa namna isiyo ya kawaida, wameona mifugo ikitupa mimba, na walikuwa wamekwisha kusema moyoni kwamba sandik imerudi. Makala iliyotoka mwaka 2010 katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto ilikiri wazi kwamba onyo la wafugaji hao lilikuwa la uhakika zaidi na la mapema zaidi kuliko maonyo yaliyotoka ng'ambo. Fikiri jambo hilo, ndugu. Wenye vyombo vya angani walichelewa, na mwenye fimbo alikuwa amekwisha kujua. Ila hakuna aliyemwuliza wakati ule, na labda yeye naye hakuona mtu wa kumwambia.

Sitaki uninukuu vibaya ukasema kwamba mfugaji anajua yote na daktari ni mtu wa bure. Mfano wa pili unatukata kiburi sote wawili. Wamasai tangu zamani walijua kwamba ng'ombe wakichanganyika na nyumbu wa porini wakati nyumbu wanapozaa, ng'ombe hushikwa na homa kali, macho yakageuka meupe, na wakafa karibu wote wanaougua. Kwa hiyo huondoa ng'ombe katika yale majani mafupi mazuri mpaka ndama wa nyumbu wakue. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake wa Muguga wakatangaza katika jarida la Nature kwamba wamekipata kijidudu chenyewe katika mwili wa nyumbu. Mzee wa Kimasai alikuwa amesema kweli. Lakini wazee walidhani sumu imo katika kondo la nyuma lililotupwa majanini, na uchunguzi uliofanywa baadaye ukaonyesha kwamba hatari kubwa ni ndama wa nyumbu wenyewe katika miezi yao ya kwanza, kwa makamasi na machozi yao. Mzee alimjua mwizi, daktari akaonyesha mlango anaopitia. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Huyo Plowright ndiye pia aliyetusaidia katika sotoka. Vijana hawalijui neno hili, na huo ni ushindi wenyewe. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe, nyati na wanyama wengine wa porini, watu wakafa njaa baada ya ng'ombe wao. Muguga walichukua kijidudu cha sotoka wakakikuza katika chembe za figo za ndama, wakakihamisha tena na tena karibu mara 90, mpaka kikapoteza ukali wake na kubaki na kinga tu. Makala ya mwaka 1962 ilieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, na kwa kuwa ilielezwa waziwazi, nchi nyingine ziliweza kuitengeneza sindano hiyo zenyewe. Baadaye ikapatikana chanjo ya namna hiyo isiyoharibika upesi kwa joto, na huko Karamoja na Afar wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja. Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, hapa hapa Kenya, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imekwisha. Katika magonjwa yote ya wanyama, huo ndio wa kwanza uliokwisha kung'olewa kabisa.

Sasa nirudi kwa ndigana, maana hapo ndipo penye uchungu wangu.

Hiyo hiyo Muguga, miaka ya 1970, iligundua njia ya kumkinga ng'ombe na ndigana. Ng'ombe hupewa vijidudu vilivyo hai vya aina tatu vilivyochanganywa, vilivyotolewa katika kupe, na saa ileile hupigwa sindano ya dawa ya kudumu mwilini ili ugonjwa usimzidi nguvu. Anaugua kidogo, labda wewe hutambui hata, kisha anabaki na kinga ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha yake yote. Makala zilitoka mwaka 1975. Wataalamu walizisoma wakasifu. Basi ilipita zaidi ya miaka 20 kabla sindano hiyo haijaanza kuwafikia wafugaji wa kawaida kwa wingi, na walioanza kuipata kwa wingi ni wenzetu wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka, sio sisi ambao nchi yetu ndiyo yenye Muguga.

Sababu zilikuwepo, nami sitasema uongo kwamba zilikuwa za kipuuzi. Sindano hiyo lazima ikae katika baridi kali sana, ndani ya mitungi ya hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa maji. Iliogopwa kwamba vijidudu hai vya mahali pengine vingeletwa mahali ambapo havikuwapo. Gharama ya ng'ombe mmoja si ndogo. Tena kichupa kimoja hutosha ng'ombe 30 au 40, na kikiisha kuyeyushwa lazima kitumiwe kwa saa chache. Mkulima mwenye ndama wawili afanyeje? Lakini jibu la swali hilo la mwisho si la daktari, ni letu. Wakulima 15 wa skimu moja wenye ndama wawili wawili wanaweza kukutana asubuhi moja kwenye josho, wakagawana gharama, na kazi ikaisha kabla ya gari la maziwa kupita. Kama tungeambiwa hivyo mapema tungefanya. Tulijua kukusanyika kwa ajili ya mitaro ya maji. Tusingeshindwa kukusanyika kwa ajili ya ndama. Ila usije ukadhani kwamba ng'ombe aliyechanjwa ndigana haogeshwi tena. Kupe huleta pia ndigana baridi na mkojo mwekundu, na sindano hiyo haizuii hayo.

Mtamba wangu alikufa na habari hizo zimo kabatini, katika vitabu ambavyo sikujua vipo.

Jambo jingine lililonitia uchungu ni hili. Miaka kadhaa iliyopita vijana wanne walikuja katika skimu yetu kwa gari jeupe. Walikuwa wapole, walisalimia wazee vizuri, wakatuomba damu ya ng'ombe kwa ajili ya uchunguzi. Tukawakusanyia ng'ombe 23. Tulishika pembe, tulifunga kamba, mama mmoja alipigwa teke la paja akachechemea wiki nzima. Walitupa kila mtu kipande cha sabuni na wakaahidi kurudi na majibu. Mpaka leo sijui damu ile ilisema nini. Sitaji walikotoka, maana sitaki kumwaibisha mtu, na pengine walizuiwa na jambo nisilolijua. Lakini nasema wazi: damu ile ilikuwa yetu. Kama ilionyesha ugonjwa wa kutupa mimba, basi watoto wetu waliendelea kunywa maziwa mabichi na sisi hatuna habari. Kama ilionyesha kwamba ng'ombe wetu ni wazima, basi tulinyimwa hata furaha ya kujua.

Basi maoni yangu ni haya, nawe uyapime. Mtaalamu anayetaka damu ya ng'ombe wetu aje, na tumsaidie kwa moyo. Lakini kabla hajafungua sanduku lake, kamati ya skimu imwulize mambo mawili mbele ya watu: majibu yatakuja lini, na nani atayasoma barazani kwa Kiswahili. Karatasi moja yatosha. Hatuhitaji hesabu zake zote. Anaweza kuwaandikia wenzake wa London na Pretoria kurasa kumi kwa Kiingereza, hiyo ni kazi yake; sisi atuandikie ukurasa mmoja. Na aliyewahi kuchukua damu asirudi kuomba nyingine kabla hajaleta jibu la kwanza.

Kuna na jambo la bei. Baadhi ya majarida haya humtoza mtu dola 30 au zaidi ili asome makala moja tu, na kwa mkulima fedha hizo ni kama gunia la chakula cha ng'ombe. Siku hizi, hata hivyo, mengi yamefunguliwa bure, na mwanao wa sekondari anaweza kukusomea kwa simu jioni na kukufasiria. Mwambie afanye hivyo. Ni masomo mema kuliko mengi anayoyatazama humo. Ila muwe waangalifu, maana si kila kinachojiita jarida ni jarida. Wako watu wanaochapa karatasi yoyote ya mtu yeyote aliyelipa ada, bila mzee hata mmoja wa kumhoji. Na wako wachuuzi wa dawa wanaokuja sokoni na kusema, "Utafiti umethibitisha." Mwulize: utafiti wa nani? Ng'ombe walikuwa wangapi, sita au mia sita? Walikuwa wa gredi au wa kienyeji? Walikaa wapi, nyanda za juu zenye baridi au pwani? Je, walikuwapo ng'ombe wengine wa kulinganisha ambao hawakupewa dawa hiyo? Akianza kukasirika, funga mfuko wako.

Sasa nigeukie upande wetu, maana sisi nasi hatuna mikono safi. Ulivyosoma mpaka hapa labda unafurahi kwamba nimewasema wasomi. Lakini niliyechimba shimo ni mimi.

Najua unaogopa karantini. Ninaiogopa pia. Ugonjwa wa miguu na midomo ukitajwa, soko hufungwa, hakuna kuuza fahali, na mkopo wa shamba haungoji. Kwa hiyo mkulima akiona mate yanaburuzika na ng'ombe anachechemea, anajipaka magadi na asali midomoni mwa ng'ombe na moyoni mwake pia, akisema ni jeraha la mwiba. Hebu nikuonyeshe hasara ya kunyamaza huko. Ugonjwa wa miguu na midomo si mmoja. Wataalamu wamehesabu aina saba za kijidudu chake duniani, na hapa Kenya kumekuwa na aina kadhaa zinazozunguka kwa zamu. Kinga ya aina moja haimzuii ng'ombe kushikwa na aina nyingine. Aina iliyopo katika skimu yako haijulikani kwa kutazama kwa macho. Lazima kipande cha ngozi ya malengelenge kichukuliwe na kupelekwa maabara ya Embakasi. Wakulima wote wakificha, Embakasi hawana cha kupima, na mwakani unaweza kuchanjiwa ng'ombe wako kwa sindano isiyolingana na adui aliyeko. Kisha utasema sindano za Serikali ni maji. Zikiwa maji, sisi ndio tuliozitia maji.

Karantini ya mapema, yenye boma moja au mawili, ni ya wiki chache. Karantini inayokuja baada ya tarafa nzima kuambukizwa huchukua miezi. Mimi naona pia kwamba wenye mamlaka wangefanya vema kumtendea kwa upole mtu aliyesema kwanza, asiwe yeye ndiye anayepata hasara kubwa kuliko aliyeficha. Hilo nimelisema barazani, na nitalisema tena.

Tangu mtamba wangu afe nina daftari la shule lenye kurasa 48, linaning'inia kwa kamba kwenye nguzo ya zizi. Humo naandika tarehe ya kuogesha, dawa gani na kiasi gani cha maji. Tarehe ya sindano. Ng'ombe aliyezaa, aliyetupa mimba, aliyekohoa, aliyeacha kula na saa ngapi nilimwona. Na mvua ilinyesha au la. Mke wangu huandika vizuri kuliko mimi, naye ndiye aliyeona kwamba ndama wetu huugua macho kila mara baada ya kuhamishwa kule bondeni. Ofisa wa mifugo alipolifungua daftari hilo mara ya kwanza alisimama akilisoma muda mrefu, na chai yake ikapoa.

Ukianza lako, shika na haya. Ng'ombe akifa ghafla na damu inamtoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue kwa sababu yoyote, wala usimchune. Hicho chaweza kuwa kimeta, na kisu chako kitakifungulia kikaingia udongoni na kukaa miaka mingi. Mfunike, zuia mbwa, piga simu. Mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu, na baada ya mvua kubwa usichinje mnyama mgonjwa ukidhani unaokoa nyama. Maziwa yachemke. Na uvimbe chini ya sikio usiupe siku tatu kama nilivyoupa mimi.

Jumanne ijayo ofisa wetu wa mifugo atakuja joshoni. Nimekwisha kuandika swali langu katika ukurasa wa mwisho wa daftari: ile damu ya ng'ombe 23 ilisema nini, na kama yeye hajui, anajua nani wa kumwuliza? Wenzangu kumi na mmoja wametia sahihi chini yake, na yule mama aliyepigwa teke ametia dole gumba.